Matanga ya Kifuani

Usiku wa jana niliota, na naomba nisikatizwe mpaka nimalize. Niko zahanati napimwa presha. Mashine inanibana mkono, inasoma namba yake, inaguna.

"Bi Somoe," inaniambia, "humu ndani kwako kuna msiba."

Nikaijibu kwamba msiba ulikwisha miezi saba iliyopita na niliusimamia mwenyewe. Mashine ikasema niingie nikaone.

Nikaingia kwa njia ya mkono. Sikushangaa, maana mimi sishangai ovyo. Mtaa wetu hapa Lindi wananijua: akifa mtu, kabla hajatafutwa shekhe natafutwa mimi. Mchele wa watu mia mbili naukadiria kwa macho. Hata kaka yangu Mfaume alipoanguka, moyo umemsimama akiwa anafunga kiatu, mimi ndiye niliyegawa kazi. Waliokuja kunipa pole niliwakabidhi ndoo.

Basi natokea kifuani mwangu, na kifua ni ua mpana uliojaa watu. Mikeka imetandikwa hadi kwenye mbavu. Moto umekokwa kandokando ya mishipa, kuta zake zimebabuka na kuvimba. Chembe sahani za damu, ambazo kazi yake ni kuziba jeraha, zimegandana njiani bila jeraha lolote, na damu inapita ubavuubavu ikiomba samahani. Kusema kweli niliona aibu. Msiba wa hovyo namna ile, na uko kwangu.

Mwanamke mwembamba amesimama, hakai, anapuliza pembe kila dakika. Ni Adrenalini. Anasema ametoka juu ya figo, aliitwa haraka siku ile Mfaume alipoanguka, na mpaka leo hajaambiwa kwamba hatari imepita. Pembeni yake kuna mama mnene, Kortisoli, homoni mwenzake, amefungua ghala langu la sukari anagawa kwa ndoo ili kila mtu apate nguvu za kukimbia. Namuuliza wanamkimbia nani. Anasema hilo hakuambiwa, yeye aliambiwa agawe tu.

Nikapiga makofi, nikatoa amri vyombo vikusanywe. Hakuna aliyeinuka. Miaka ishirini na miwili ya misiba, sijawahi kutoa amri watu wakabaki kunitazama.

Katikati ya ua kuna sufuria kubwa, na Moyo anakoroga. Ni mpishi mfupi, mikono imemvimba, hainui macho. Anasema zamani kulikuwa na kamba inayotoka kichwani. Ikivutwa, yeye anapunguza mwendo na kupumua. Sasa kamba imelaliwa, kwa hiyo anakoroga mbio mchana na usiku.

Natazama chini. Juu ya kamba kuna mtu amejifunika shuka gubigubi. Nikamtikisa. Akasema anaitwa Sonona, hana ubaya na mtu, ila hana nguvu za kuinuka na haoni za nini. Nikamtambua sauti. Ndiye aliyekuwa akinibakiza kitandani asubuhi, mimi nawaambia watu ni uchovu.

"Bi Somoe," anasema Moyo, "hawa wasipoondoka leo, naweka mwiko chini. Kama alivyouweka mwenzangu wa kaka yako."

Hapo niliogopa. Nikamuuliza nifanye nini. Akanikumbusha jambo ninalolijua kuliko yeyote: wageni wa msiba hawafukuzwi. Wanaondoka matanga yakianuliwa, na mfiwa awepo. Nikamwambia yalianuliwa siku ya tatu, wazee walisema maneno yote. Akauliza mimi nilikuwa wapi.

Nilikuwa nyuma nasimamia masufuria yasuguliwe.

"Basi ndiyo hivyo," anasema Moyo. "Msimamizi tulimwona. Mfiwa hatujamwona mpaka leo."

Adrenalini anashusha pembe. Nimesikia matanga ya watu yakianuliwa mara nyingi mno, maneno nayajua kwa moyo, lakini kila yakinifika kooni yanarudi. Nikakaa kwenye mkeka, jambo ambalo sijawahi kulifanya msibani tangu nipate akili. Sonona akasogea kunipisha, na kamba ikatikisika kidogo.

"Mfaume amekufa," nikasema. "Kaka yangu amekufa na mimi nimebaki. Asanteni kwa kuja. Matanga tumeyaanua."

Nikalia. Nililia kama mtoto, makamasi na yote, na wageni wakapanga mstari kunipa pole mmoja mmoja. Safari hii sikumpa mtu ndoo. Wakazima moto, wakakunja mikeka, wakatoka. Sonona alitoka mwisho, akiomba asiharakishwe, nami sikumharakisha. Moyo akavuta pumzi, akakoroga taratibu. Ila akanionya kwamba ukuta uliobabuka haupakwi chokaa kwa machozi, kuna daktari wa kuuona, na nisijitie ujuaji. Nikamwahidi.

Nikaamka jua limeshapanda, mto umelowa chapa. Mume wangu, Chande, amesimama mlangoni anatazama nje.

"Mama Rukia, jana tulikuwa na wageni?"

Nikatoka. Mchanga niliokuwa nimeufagia jioni umejaa nyayo za miguu mitupu, nyembamba na nene, zimeanzia kizingitini kwetu na kuelekea barabarani. Hakuna hata unyayo mmoja uliokuwa unaingia. Chande akasema ni watoto wa jirani. Nikamwambia avae anisindikize hospitali, na kwamba njiani nitamsimulia habari za Mfaume, na nikilia asinikataze.

Akachukua ufagio apafagie kwanza. Nikamwambia auache.