Bata wa Mama Sele

Mimi si mtu wa kusingizia watu, lakini lile tundu kwenye ua halikutobolewa na panya. Lilikatwa kwa panga, la kumtosha bata kupita, na upande wa pili wa ua alikaa Mama Sele, mwenye bata watatu. Sasa nimshuku nani, padri?

Mkoa wa Manyara bado ni mpya, Babati imejaa wageni wa maofisini, na hapa Nakwa kila mtu anamchunguza mwenzake. Mimi nilikuwa na kabichi sitini za kipaimara cha binti yangu Jacqueline. Nilishawatangazia ndugu kwamba mboga zote za sherehe zitatoka kwangu, hatununui hata jani sokoni. Halafu kila asubuhi nawakuta wale bata matutani, midomo chini, wanachokonoa. Nikiangalia majani, yana matundu mawili matatu. Nilihitaji ushahidi gani mwingine?

Nikaziba tundu kwa miba. Kesho yake miba imetolewa. Nikaweka bati, bati likasogezwa. Hapo nikachemka. Nilisimama uani nikampasha Mama Sele mpaka majirani wakatoka: kama ameshindwa kulisha mifugo yake aseme, tumchangie pumba! Akafungua mdomo, nikamwambia anyamaze. Akaingia ndani.

Idd ilipofika akaniletea sinia la pilau, kama kila mwaka. Juu yake nyama ya bata. "Wote watatu nimewachinja," alisema, "usisumbuke tena." Nililizungusha lile sinia nikijiuliza huyu ameniwekea nini humu. Mwishowe nikala. Jamani, ilikuwa tamu.

Wiki mbili baadaye mvua ikashika, na kabichi zangu zikaliwa zikabaki mishipa. Nikamwita bwana shamba, Konstantini. Akafunua gunia bichi lililokuwa kati ya matuta. Loo! Konokono wasio na gamba, wamelundikana, wanono, ute kila mahali. Tukawaokota tukawatia kwenye maji ya chumvi. Tukazungushia majivu, mvua ikayasomba. Sumu niliikataa, maana walaji ni watoto.

Konstantini akakuna kichwa. "Mama Jacqueline, dawa yao ni bata. Bata akiwapata hawa habakizi. Hakuna jirani anayefuga?"



Nikaenda kwa Mama Sele. Nilimkuta anachambua mchele. Hata salamu sikuimaliza vizuri. "Lile tundu," nikauliza, "ulikata wewe?"

"Nilikata mimi," akajibu bila kuinua macho. "Niliona ute kwenye matuta yako, nikajua kuna konokono. Nikafikiri, bata watashiba na jirani atapona. Ningekuambia bustani yako ina wadudu, ungesema nakuonea wivu. Siku ile nilitaka kukueleza, ukanifokea mbele za watu. Wewe uliwaona wameingia tu. Kuna siku uliona hata mmoja amemeza jani?"

Sikuwahi kuona. Aibu ilinishika mpaka machozi yakanitoka. Zimebaki siku nane kipaimara kifike, na shambani hamna kabichi ya kumtosha Jacqueline peke yake, sembuse wageni. Nikamwomba msamaha.

Mama Sele akasogeza ungo, akanipa nafasi kwenye mkeka, akaniuliza kama nitakunywa chai. Afadhali angenifukuza.