Nyumba ya Baraza Ng'ambo ya Mto

Mimi ni mtu wa Majengo, na anayetaka tukosane aanze kuusema vibaya mtaa wangu. Natanguliza hilo kwa sababu habari hii ni ya mitaa ya mji wetu wa Shinyanga, na ni ya Fundi Jilala, ambaye aliusema mtaa wangu nikiwa nimesimama pale pale, nikacheka.

Jilala alikuwa Msukuma wa Didia. Alikwenda Tabora akiwa kijana, akasilimu huko na kujifunza ujenzi, akarudi Shinyanga reli ilipofika. Nusu ya nyumba za mji huu zimepita mikononi mwake. Mkewe wa kwanza alifariki, na watu walikwisha kuchoka kumwuliza ataoa lini. Kisha akaja Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa Kariakoo kule Dar es Salaam. Mumewe alimwacha, naye akaja bara kukaa na kaka yake Nassibu, fundi wa reli, katika nyumba za reli pale stesheni. Mwanamke mrefu, mwenye sauti, aliyejua kupika wali ukaunusa toka njiani. Jioni alikuwa akikaa mlangoni anatazama watu wanavyofunga milango yao mapema, ananiambia, "Mwaisha, Kariakoo saa hizi ndiyo kwanza watu wanatoka nje." Akishasema hivyo huigeukia njia ya reli, nami najua yuko mbali.

Sasa, Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaingia kwako anakamata kuku wako mchana kweupe, anakuita mpagazi wa babu yake mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Unacheka, unamrudishia. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa Jilala alipokuwa akishinda mlangoni kwa Nassibu anazozana na Mwanaidi. Angekuwa mwanamume mwingine, sisi wa Majengo tungekwisha kuwaoza na kuwaachanisha midomoni. Lakini mtani hasemwi. Hiyo ilikuwa bahati ya Jilala, na hiyo hiyo ilikuwa nuksi yake.

Mimi nilijua anampenda. Mlango wa Nassibu aliutengeneza mara ngapi sijui, na mlango ule haukuwa na ubovu wowote. Siku moja akaja kwangu akajifanya anatazama paa langu, halafu akauliza, macho yakiwa juu, "Hivi Mama Mihayo, watu wa pwani hupenda nyumba ya namna gani?"

"Nyumba yenye baraza mbele," nikamwambia. "Mtu akae aone wapitao na wapitao wamwone. Siyo nyinyi mnaojizungushia minyaa kama mnaficha wizi."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Kiangazi kile Nassibu akahamishiwa Kigoma. Mwanaidi hakutaka kwenda. Alisema amechoka kufuatana na kaka yake kama sanduku. Alitaka chumba chake mwenyewe, apike chakula auze, ajue anaamkia kwake. Mimi nilikuwa na chumba kitupu, nikadhani mambo yamekwisha. Lakini Mwanaidi hakuwa mtu wa kununua nguo bila kuigeuza. "Twende na mtani wangu," akasema. "Yeye ndiye anayejua ukuta upi una mchwa."

Basi tukatoka sisi watatu asubuhi, Jilala mbele na fimbo yake ya kupimia.

"Mwangaluka, mpagazi," Mwanaidi akamsalimu.

"Mwangaluka, mla nazi. Leo nakutafutia zizi."

Tulianza na Stesheni yenyewe. Palikuwa na chumba nyuma ya maghala ya pamba. Mwanaidi alipapenda. Treni ikisimama, abiria wote wana njaa. Siku hizo pia walishaanza kushuka na kupanda watu wa dhahabu, wanaokwenda Geita na wanaorudi, na mtu mwenye dhahabu kichwani hali kidogo. Jilala akagonga ukuta kwa fimbo.

"Hapa utauza sana," akasema. "Utauza wali mweusi. Ukianika kanga nyeupe unaanua kaniki, kwa masizi ya gari moshi. Na cheche moja ikitua kwenye nyasi za paa, mtani, utakimbia na sufuria kichwani."

Mwanaidi akacheka. "Ndivyo mlivyozoea, kukimbia na mizigo kichwani!"

Tukaenda mitaa ya maduka, kwa Wahindi. Pale palikuwa na chumba cha uani, sakafu ya saruji, paa la bati, tangi la maji mlangoni. Kwa uzuri wa jengo hapakuwa na mfano mjini. Lakini mwenye duka akifunga lango la ua jua likizama, uliye ndani uko ndani. "Utalala vizuri," Jilala akasema, "kama kuku." Mwanaidi alitazama lile lango muda mrefu kidogo, akageuka mwenyewe bila kuambiwa.

Ndipo tukafika Majengo. Chumba changu nilikuwa nimekipiga udongo mweupe. Msikiti hatua chache, kisima karibu, vichochoro vimefagiliwa, akinamama wanakaa pamoja wanasuka ukili. Ukiugua hapa hulali njaa, maana sufuria tatu zitaingia kwako kabla hujaomba. Nilieleza yote hayo. Jilala akaweka sikio ukutani.

"Unasikia?" akamwambia Mwanaidi. "Jirani anatafuna. Hapa ukipiga chafya, mtaa wa pili wanakuombea dua. Ukipata mgeni mmoja, wao wanahesabu watatu. Fito nilizifunga mimi, na huyu Mama Mihayo ndiye aliyenikataza nisikandike ukuta mnene, asije akakosa habari."

Nikacheka, ingawa niliudhika. Ningefanyaje? Baba yangu Mmanyema, mimi si mtani wake hata kidogo, lakini siku ile alikuwa amenogewa.

"Umemaliza mitaa yote," Mwanaidi akasema. "Hakuna hata mmoja unaonifaa?"

"Upo mmoja umebaki," Jilala akajibu, na sauti yake ilibadilika. Niliisikia.

Tukavuka mto. Kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu, unavuka bila kuvua viatu. Ng'ambo kule vichaka vilikuwa vimefyekwa kufukuza mbung'o, nchi iko wazi, upepo unatembea utakavyo. Nyumba zilikuwa chache, kila moja na mtama wake na ng'ombe wake. Usiku fisi wanapita. Masika mto ukijaa, huendi sokoni wala sokoni hawaji kwako.

Katikati ya uwazi ule ilisimama nyumba mpya. Vyumba vitatu, udongo bado unanuka ubichi. Mbele yake, ikielekea mjini, ilikuwa na baraza. Baraza hasa, pana, imesuguliwa mpaka inang'aa, yenye nguzo nne. Msukuma hajengi kitu kama hicho. Nyumba ya Didia hata kizingiti unakitafuta.

Mwanaidi akasimama. Akaizunguka. Akapitisha kiganja juu ya baraza polepole, kama mtu anayepapasa nguo aliyoivaa utotoni. Kisha akakaa. Kutoka pale uliona mji wote: moshi wa stesheni, mabati ya Wahindi, mnara mfupi wa msikiti wetu.

"Nyumba ya nani hii?" akauliza.

"Yangu."

"Wewe, baraza ya nini? Unataka kuanikia michembe ya viazi?"

Jilala alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. "Nimekujengea wewe," akasema. "Uliposema watu hapa wanafunga milango mapema. Hii haifungwi. Njoo ukae, Mwanaidi. Nataka kukuoa."

Naapa Mwanaidi alimtazama usoni kama anatafuta kitu. Lakini mazoea yana nguvu. Kicheko kikamtoka, kwanza kidogo, halafu akajipiga mapaja.

"Mpagazi anaoa! Na mahari utaleta ng'ombe wa nani, uliomwibia mjomba?"

Na Jilala naye akacheka. Angefanya nini? Mtani akikucheka unacheka. Alicheka kwa sauti kubwa, kichwa nyuma, akasema ng'ombe wa mjomba wamekonda, ataleta fisi. Mwanaidi akacheka tena, lakini safari hii kicheko chake kiliisha upesi, akaondoa kiganja chake barazani.

Tukaanza kurudi. Katikati ya mto, juu ya mchanga, Mwanaidi akasimama.

"Jilala," akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita jina lake. "Mtaa huu una masizi, ule una lango, ule una masikio. Sasa acha utani, uniambie kweli. Mimi nikae wapi?"

Ah, wanaume! Neno lilikuwa limeletwa mpaka mdomoni mwake, alikuwa na kazi ya kulitamka tu. Lakini alikuwa bado anaumwa na kile kicheko. Uso wake ulikuwa mkavu kama ule mchanga.

"Mtu kama wewe mji huu haukutoshi," akasema. "Nenda Geita. Wachimbaji wamejaa, wapishi hakuna. Huko ndiko kwako."

Hakucheka. Wala Mwanaidi hakucheka. Akasema, "Ahsante," akatangulia.

Jioni ile Jilala alikuja kwangu amenyong'onyea. Nilimpasha. Nikamwambia posa haisemwi na mtani, inasemwa na mshenga; maneno ya mtani hata yakiwa Kurani mtu atayacheka. Akasema analijua hilo, amechelewa kulikumbuka. Akaenda kwa Mzee Salehe, mwalimu wa madrasa, mtu asiyetania hata na wajukuu wake, akamwomba awe mshenga. Mzee akakubali, akasema watakwenda kwa Nassibu baada ya swala ya Ijumaa.

Ijumaa wakaenda, Mzee Salehe na kanzu yake ya Idi. Nassibu aliwapokea katikati ya masanduku yaliyofungwa. Akasikiliza posa mpaka mwisho, akashika kichwa.

"Amepanda treni ya Mwanza jana," akasema. "Amefuatana na wanawake wa Tabora wanaokwenda kupika Geita. Nilimkataza mpaka nikachoka. Nikamwambia, huko unamjua nani? Akasema, mtani wangu kaniambia niende. Nikamwambia, mtani si anatania tu? Akasema, Jilala akitania hucheka. Aliponiambia ananioa alicheka. Aliponiambia niende zangu hakucheka."

Mzee Salehe alinisimulia mwenyewe kwamba Jilala aliinama pale pale. Akaanza kuutazama mlango wa Nassibu, ule mlango mzima, anauchezea bawaba.

Mwaka ukapita na masika yake. Mto ulijaa ukapungua. Jilala alihamia ng'ambo, katika nyumba ile, na kila jioni tulimwona kwa mbali amekaa barazani peke yake, ametazama stesheni. Kazi aliendelea nayo, lakini mtani mwingine yeyote akimchokoza alijibu kwa adabu, na watu wakaacha kumchokoza. Mimi chumba changu nilimpangisha karani mmoja mkimya. Usiku nilikuwa naamka namkumbuka yule mwanamke na sauti yake, nikasikitika kwamba ukuta wangu haunipi habari yoyote.

Kisha kiangazi kikarudi, akashuka katika treni ya Mwanza mtu mmoja anaitwa Otmar, Mkatoliki wa Ushirombo, mtu mzima, aliyekuwa anachimba Geita na sasa anarudi kwao na kikohozi. Aliuliza kama watu wanamjua Fundi Jilala. Wakamleta Majengo, kwa kuwa Jilala siku ile alikuwa anakandika ukuta wa jirani yangu, na sisi wote tukasogea, maana ndivyo tulivyo.

"Nina salamu zako," Otmar akamwambia. "Kule kuna mama mmoja wa pwani anatupikia. Amesema hivi: mwambieni mpagazi wangu, Geita kuna vumbi, kuna kelele, watu wanatoka nje usiku kucha kuliko hata Kariakoo. Lakini hakuna nyumba hata moja yenye baraza. Aje ajenge, au amesahau kubeba mzigo?"

Kichochoro kizima kikalipuka. Watu walishikana mabega kwa kucheka. "Mzaramo huyo!" wakasema. "Hajaacha ulimi wake!" Walimgeukia Jilala, wakisubiri arudishe, kwa kuwa mtani hapelekewi tusi akanyamaza.

Jilala alikuwa na udongo mpaka viwikoni. Hakucheka. Alimsogelea Otmar karibu sana.

"Bwana," akamwuliza, "aliposema maneno hayo, alikuwa anacheka?"

Otmar akafikiri. Kelele zikaanza kupungua, moja moja.

"Hapana," akasema. "Hata nilishangaa, maana maneno yenyewe ni ya kuchekesha. Alikuwa analia."

Jilala akauacha ukuta wa watu nusu, akatoka na udongo wake mikononi, akashika njia ya kwa Mzee Salehe.