Nyonga ya Lorna Tasker

Kwa miaka kumi na tisa Lorna Tasker na mdogo wake Bridie walikata magogo pamoja kwenye maonyesho ya kilimo ya Tasmania, kila mmoja ameshika mpini wake wa msumeno mrefu. Miaka sita ya mwisho hakuna jozi ya wanawake iliyowapita. Lakini miwili kati ya hiyo Lorna alishinda huku ameuma meno, akaenda kuchukua zawadi akichechemea, maana gegedu la nyonga yake ya kulia lilikuwa limekwisha na mfupa ulikuwa ukisaga mfupa.

Mwezi Agosti, baridi imekaza kijijini kwao Ringarooma, akafanyiwa upasuaji, akawekewa nyonga ya chuma. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alirudi nyumbani na magongo mawili na makatazo matatu ya wiki kumi na mbili: asiiname sana, asipandishe mguu juu ya mwenzake, asijipinde.

"Na msumeno je?" alimwuliza daktari.

"Tuanze na kuvaa soksi," daktari akajibu.

Soksi alivishwa na Des, mumewe, kila asubuhi akitoka kukamua ng'ombe. Lorna alitazama dari mpaka amalize. Mwanamke aliyekuwa akikata gogo nene kama pipa kwa sekunde kumi na mbili sasa hafikii vidole vya miguu yake mwenyewe.

Wiki ya tano Bridie akaja. Akaketi mezani, chai akaiacha ipoe.

"Dada, nina jambo. Usinirushie kikombe."

"Sema."

"Msimu huu nitakata na Kerryn, yule binti wa Jukes. Maonyesho ya Novemba ndiyo hayo yanakuja."

"Kerryn aliyejifungia chooni uwanjani kwa woga mpaka wakamvunjia mlango?"

"Huyo huyo. Ila ana mabega."

"Basi sawa."

"Kama una hasira, nitukane yaishe."

"Nimesema sawa, Bridie. Kunywa chai."

Haikuwa sawa. Siku tatu hakutoka chumbani. Alihesabu: mwaka mmoja na Kerryn utazaa wa pili, na ukifika wa pili watu watakuwa wamesahau kwamba Bridie aliwahi kuwa na dada. Siku ya nne, Des alipokwenda kukamua jioni, Lorna alichukua gongo moja akaenda bandani walikofanyia mazoezi, akafunga gogo jembamba kwenye kishikio cha kukatia, akateremsha msumeno mdogo wa mtu mmoja.

Mivuto ya mwanzo ilikwenda vizuri, mpaka machozi yakamtoka kwa furaha. Vumbi la mbao lilimwagika viatuni, mikono ikakumbuka kazi yake. Kisha msumeno ukabanwa. Akauvuta, haukutoka. Akajipinda kidogo tu apate nguvu, na nyonga ikachomoka kwa mlio aliousikia mpaka kwenye meno.

Alilala sakafuni kando ya gogo saa nzima na zaidi. Simu ilikuwa jikoni. Mguu ulikuwa umegeukia ndani, umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na kila alipojaribu kupiga kelele maumivu yaliikata sauti. Kule zizini mashine ya kukamulia ilinguruma bila haraka. Hapo ndipo alipomwomba Mungu, ambaye hakuwa amezungumza naye tangu mama yao azikwe, kwamba kama ndiyo imekwisha basi asimrudishe ndani ya nyumba ile kuvishwa soksi.

Des alimkuta. Alipiga magoti akamfunika koti lake lililonuka maziwa.

"Usiniangalie," Lorna akasema.

"Siangalii," Des akasema, na akaendelea kumwangalia mpaka gari la wagonjwa likafika.

Hospitalini walimlaza usingizi, wakairudisha nyonga mahali pake. Daktari hakumfokea, na hilo lilimuumiza zaidi. Alisema misuli imechanika, atafungwa mkanda mgumu kiunoni, na ataanza kuhesabu wiki upya. Ikichomoka tena watapasua tena, na msumeno autoe akilini.

Mwezi uliofuata Lorna aliwageuzia watu kisogo. Mazoezi hakufanya. Mtaalamu wa viungo alipokuja, alijifanya amelala. Alimwambia Des auze misumeno yote, na Des akajibu kwamba ataiuza akipata nafasi, na nafasi hakuitafuta.

Bridie na Kerryn walifanya mazoezi bandani mle mle, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na magogo. Kutoka kitandani Lorna alisikia kila mvuto. Alifunika masikio kwa mto na bado alisikia kosa: binti alikuwa akisukuma. Msumeno wa watu wawili hausukumwi. Unavuta, unamwachia mwenzako. Siku ya tano alishindwa kuvumilia. Akajikokota mpaka dirishani.

"Kerryn! Hilo si toroli. Ukimaliza kuvuta, legeza mikono."

Msumeno ukasimama. Halafu sauti ya binti: "Nilegeze kabisa, mama?"

"Kama maiti."

Mvuto uliofuata ulikuwa safi. Lorna alirudi kitandani akalia, kwa sababu ulikuwa safi.

Novemba alikwenda uwanjani na mkanda wake kiunoni, akasimama kando ya kamba kati ya watu waliompa pole mpaka akachoka kuitikia. Bridie na Kerryn walilimaliza gogo kwa sekunde kumi na moja na nusu, wakashinda. Yeye na Bridie hawakuwahi kufika hapo. Alipiga makofi kama wengine, akajikongoja nyuma ya magari, akatapika.

Bridie akamkuta huko, unga wa mbao nyweleni.

"Dada. Mwakani..."

"Usiniahidi kitu, Bridie. Nakuomba."

Bridie hakuahidi. Alitoa kitambaa mfukoni akamfuta mdomo, kisha wakasimama wameegemea gari la mtu.

Asubuhi yake mtaalamu wa viungo alipobisha hodi, Lorna alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Aliambiwa anyanyue mguu mara kumi. Alinyanyua mara nne, jasho likimtoka, akaomba apumzike kwanza.