Mstari Nyuma ya Sidonie

Mama aliinuka wa mwisho. Wenzake wote walikwisha kusimama ukumbini, mistari miwili: mmoja nyuma yangu, mwingine nyuma ya Sidonie. Katika chama chetu cha watu wa Kivu tulio ughaibuni, pale Matonge, hatupigi kura za karatasi. Unasimama nyuma ya mtu uliyemwamini, kila mmoja akuone.

Ni miaka mitatu sasa, naweza kusema: nilikuwa na wivu. Sidonie alikuwa mwanasheria. Mimi sheria niliiacha chuoni, nikaenda kuogesha wazee katika makao ya wazee huko Laeken. Siku ile tulijadili maana ya kifungu cha kupendekeza katika katiba ya nyumbani: “Kila raia ana haki ya kubeba silaha kwa ajili ya ulinzi wa kijiji chake.”

“Bon, muangalie mwisho yake,” Sidonie alisema. “Haki ni ya kulinda kijiji. Donc bunduki ni ya kijiji, inafungiwa pamoja. Hapana kulala kwa nyumba ya muntu.”

“Huyu iko na akili, kweli,” mume wangu Rigobert akanong'ona, macho yakimng'aa. Mimi hakuwahi kunisifu hivyo hata siku moja. Roho iliniuma, nikajikuta nimesimama.

“Imeandikwa kila raia. Kila! Wezi wako kwa mulango, alors papa ya nyumba aende kwanza kuomba chef ya kijiji ufunguo?”

Makofi yalilipuka. Utamu wake bado naukumbuka, Mungu anisamehe.

Sikuamini hata neno langu moja. Kaka yangu Noé aliuawa na jirani mlevi, kwa bunduki ambayo jirani huyo aliiweka chini ya kitanda “kwa usalama”. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama ndiye aliyemwosha.

Rigobert alikuwa wa kwanza kuja nyuma yangu, kifua mbele. Mama alitembea polepole na fimbo yake, akanifikia, akanipita.

“Maman, ni huku,” nikamwita.

“Nilikusikia, mutoto yangu,” akajibu. Akaenda kusimama nyuma ya Sidonie.

Katibu alihesabu watu, akatangaza nimeshinda. Rigobert akanikumbatia mbele ya wote. Juu ya bega lake nilimwona Sidonie akimvisha mama koti, akimfunga vifungo kimoja kimoja, na mama amemwachia.