Mji Alionyimwa Abeid

Gari la Bashiru lilikuwa limekwisha kupakiwa, na begi la Bi Moza lilikuwa ndani. Alilifunga mwenyewe jana yake alasiri: kanga mbili, msala, dawa za presha, na kopo la karanga za kukaanga. Karanga zilikuwa za wifi yake Maulida, kule Ujiji. Maulida hana tena meno ya kuzitafuna, lakini kuzinusa atazinusa. Asubuhi Bi Moza akalibeba begi lake hadi kwenye gari, akalisukuma kati ya ndoo na godoro, asimwambie mtu neno. Bashiru, mwanawe, alipoliona aliguna tu, akalisogeza lisilaliwe na dumu la maji.

Ilikuwa siri ya watu wawili iliyoonekana na mtaa mzima, maana Bi Moza alikuwa ndani ya eda. Mumewe, Mzee Abeid, alifariki siku ya kumi ya Ramadhani, na mjane hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi wa angani. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Na siku ile ile eda inapoisha, ndiyo shule zinafunguliwa na likizo ya Bashiru kazini inakwisha. Ukingoja eda, safari hakuna.

"Twende Desemba basi," mkewe Bashiru alikuwa amesema.

"Maulida hafiki Desemba," Bi Moza akajibu. Tangu baada ya Idi, Maulida alikuwa wa kugeuzwa kitandani.

Sasa kilichomvuta Bi Moza Ujiji, pamoja na kumuaga wifi, kilikuwa kitu ambacho mtu mzima akikitaja watu watamcheka. Ni kitendawili.

Kila Juni shule zikifungwa, familia hii ya Buhongwa, pembeni mwa Mwanza, ilikwenda Ujiji alikozaliwa Abeid. Siku mbili njiani, usiku wa kwanza wanalala Kibondo. Abeid alikuwa fundi bati, mtu wa kugonga nyundo kutwa, na labda ndiyo sababu safarini hakutaka redio. Alitaka vitendawili. Walipopanda tu kivuko pale Kigongo, hajakaa sawa, utamsikia: "Kitendawili!" Na wote, hadi abiria wasiomjua: "Tega!" Ukishindwa unampa mji, kama ilivyo ada, ila kwa Abeid mji haukuwa wa mdomoni tu. Unatoa mji ulioko mbele njiani, na mwenye mji ndiye anayeamua mtakula nini mkifika. Bashiru alipokuwa mdogo alishindwa mara mbili, akampa babaye Geita na Katoro, wakala mihogo ya kuchemsha kutwa nzima huku mtoto analilia chipsi.

Mwaka jana, siku chache kabla daraja jipya halijafunguliwa, walivuka kwa kivuko mara ya mwisho. Abeid akamgeukia mkewe.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mwenye nyumba akitoka, yeye huingia. Mwenye nyumba akirudi, yeye hutoka."

"Kufuli!" Bi Moza akadaka.

"Kufuli linaingia wapi, we mwanamke? Kufuli liko nje linapigwa na jua."

"Basi panya."

"Panya wako hawangoji utoke. Nipe mji."

"Chukua Sengerema."

"Sengerema sina shida nayo. Nipe Mwanza."

"Mwanza tumeiacha nyuma."

"Si tutarudi? Wakati wa kurudi itakuwa mbele."

Abiria wakacheka. Bi Moza naye alicheka, lakini alikaza. Yeye ni mzaliwa wa Mwanza, kitovu chake kimezikwa pale, na Abeid alikuja kijana mwenye nyundo moja na mkasi wa kukatia bati. "Mwanza ni ya kwetu," akasema. "Wewe mgeni."

"Mgeni wa miaka arobaini na sita?"

"Hata sitini. Mgeni ni mgeni. Sikupi."

"Bila mji hakuna jibu."

Wakaenda hivyo hadi Ujiji na kurudi. Nyumbani mchezo ukaendelea. Akiwekewa chai anauliza, "Unanipa Mwanza?" Akizima taa anauliza. Na Bi Moza anajibu, "Kunywa chai yako, mgeni." Miezi ikapita. Siku ile ya Ramadhani Abeid aliacha nyundo uani, akaingia ndani kabla ya adhuhuri, akasema kifua kinambana, akajilaza. Alasiri haikumkuta. Bi Moza aliosha vyombo vya watu, akapokea pole za watu, na usiku wa tatu ndipo alipokumbuka: jibu kaenda nalo, na mji nimemnyima.

Aliyebaki na jibu alikuwa Maulida peke yake, kwa kuwa kitendawili kilikuwa cha mama yao. Kwenye simu hasikii, masikio yamekufa. Lazima uinamie sikio lake la kushoto.

Basi ndivyo begi lilivyoingia kwenye gari.

Bashiru akafungua mlango wa mbele. "Mama, panda. Kaa hapa."

Kilikuwa kiti cha Abeid. Siku zote Bi Moza alikaa nyuma yake. Na siku zote yeye ndiye aliyechelewesha safari: mara kurudi kuangalia jiko, mara kusahau miwani, mara kuaga jirani ambaye amekwisha kumuaga mara mbili. Abeid atakaa pale mbele, apige honi, atukane honi yenyewe kwa kulia vibaya, lakini gari halitoki. "Mke wangu hajafika," atasema. "Hata Ujiji isogee, sitoki."

Bashiru akasoma mawazo yake vibaya. "Mama, ni siku kumi na mbili tu. Mungu anajua nia."

"Mungu anajua," Bi Moza akasema. Akavua ndala za ndani, akavaa viatu. Akatoka mlangoni. Bashiru akaufunga mlango, akatia kufuli, akalivuta kuona kama limeshika. Hapo ndipo Abeid alipokuwa na desturi yake nyingine. Kufuli likishalia kap! alikuwa anauliza kwa sauti, mtaa usikie, "Nyumba tumemwachia nani?" Na wote wanajibu, "Kufuli!" Kisha gari linatoka.

Asubuhi hii hakuna aliyeuliza. Bashiru alijifanya anatafuta funguo alizozishika mkononi. Mkewe alikuwa anapanga vyakula vilivyokwisha kupangwa.

Ni Nusrat, binti yao wa miaka kumi, aliyetoa kichwa dirishani. Babu yake alikuwa akimwita mke mdogo, na Bi Moza alikuwa akimwita mke mwenzangu, wakagombana kila siku nani ampelekee mzee maji ya kunawa.

"Nyumba tumemwachia nani?" Nusrat akauliza.

Bi Moza alifungua kinywa aseme kufuli, neno likagoma. Akaangalia mlango, akaangalia kiti cha mbele, kitupu, kikimngoja.

"Mimi," akasema.

"Mama?" Bashiru akashtuka.

"Nifungulie mlango, mwanangu."

"Mama, begi lako limo ndani. Na Shangazi je? Ulisema mwenyewe hafiki Desemba."

"Nilisema. Hafiki."

"Utakuja kulia, Mama. Utasema laiti."

"Nitasema. Kulia nitalia." Akakohoa. "Lakini baba yako miaka arobaini na sita hajawahi kuniacha. Hata siku moja. Nilikuwa namkalisha juani kwa sababu ya miwani, na miwani iko kichwani kwangu. Leo yeye amebakiza siku kumi na mbili kwangu, mimi niwashe gari nimwache?"

Bashiru alilifungua kufuli polepole, kama mtu anayetegua mwiba.

Bi Moza akachukua begi lake, akatoa kopo la karanga, akampa Nusrat dirishani. "Hizi za Bibi Maulida. Mfungulie kifuniko karibu na pua. Halafu inamia sikio la kushoto, la kushoto, si la kulia, umtegee kile kitendawili cha babu."

"Nakijua, Bibi."

"Na wewe mke mdogo, eda yako umekaa lini? Mbona unasafiri?"

Nusrat akacheka, kisha uso ukajikunja, akalia. Bi Moza akamfuta kwa upindo wa kanga. Akajifuta na yeye kwa upindo huo huo. "Malimi atakuja kulala na mimi," akamwambia Bashiru, maana Malimi alikuwa mama jirani, ukuta kwa ukuta. "Akitoka sokoni atapita hapa. Nendeni, jua linapanda."

Hakusimama nje kuwapungia. Mjane wa eda hasimami barabarani. Alisikia gari likirudi nyuma, likapiga honi ile mbaya, likakata kona ya duka la mbao. Halikusikika tena.

Alirudi ndani. Akatua begi. Tangu Abeid atolewe katika nyumba ile, haikuwahi kukaa bila watu: matanga, arobaini, wajukuu, masufuria, mtu akiuliza chumvi iko wapi. Leo ndiyo mara ya kwanza. Bi Moza akasimama katikati ya sebule. Masikio yake, bila kutumwa, yakatega kule uani, kwenye nyundo. Kwa miaka yote hiyo nyundo ilikuwa ikigonga bati, naye alikuwa akilalamika inamuuma kichwa. Sasa palikuwa hapana kitu. Na hicho kisichokuwa kitu kikaingia. Hakikubisha hodi. Kilipita mlangoni, kikakaa kwenye kiti, kikajaa hadi darini.

Mwenye nyumba akitoka, yeye huingia.

"Kimya," Bi Moza akasema. Akaketi chini kwenye mkeka. "Ni kimya, Abeid. Siyo kufuli. Siyo panya. Ni kimya." Na ile nusu ya pili, ya mwenye nyumba kurudi, hakuimalizia.

Alilia pale mpaka kanga ikalowa. Angekwenda Ujiji asingekijua kwa namna hii. Angeambiwa tu.

Simu ikaita. Alikuwa Nusrat, na upepo ukipiga kwenye dirisha la gari.

"Bibi! Tuko darajani! Baba anasema dakika chache tu tumevuka, kitendawili hakipati hata muda wa kuiva!"

"Liangalie ziwa, mke mwenzangu. Halikuzoea kurukwa."

"Bibi, na wewe? Hujapata jibu?"

Bi Moza akatazama kile kiti. Akamfikiria mtoto na kopo lake la karanga, siku mbili za barabara mbele yake, na sikio la kushoto linalomngoja.

"Sijapata," akasema. "Kamuulize Bibi Maulida."

"Akitaka mji? Baba anasema tumpe Kasulu."

"Kasulu hakuna aliyeiomba. Mpe Mwanza."

"Mwanza? Yote?"

"Yote. Mawe yake, soko la samaki, na ziwa mpaka linapoishia. Mwambie ni ya kaka yake. Amelala humo, na mimi nimekubali. Mniachie Buhongwa tu, nipate pa kulala."

Nusrat alicheka kwa nguvu, akamwambia baba yake, Bashiru akasema kitu ambacho upepo ulikichukua, na simu ikakatika.

Bi Moza akaiweka simu juu ya begi, nguo zake bado zimo ndani. Kimya kikarudi. Akakisogezea mkeka, akakaa nacho.