Swali la Tatu la Paroko

Kitu cha kwanza alichokiona ni namba. Alizungusha futi kifuani mwa kaka yake, ncha ikakutana na thelathini na nne. Akadhani ameshika vibaya. Akaifungua, akapitisha tena chini ya makwapa, taratibu, kama anavyowapima wateja wanaopenda kulalamika. Thelathini na nne. Mwaka jana, alipomshonea shati la likizo, ilikuwa thelathini na nane na nusu.

"Andika zile za zamani," kaka yake alisema huku akitazama ukuta.

"Itakupwaya."

"Alba gani haipwayi? Andika tu, mdogo wangu."

Akaandika za zamani. Hakuwa binti wa kubishana. Mtaani walimwita Kimya, na wapo waliodhani ndilo jina alilobatizwa. Wateja waliingia kwenye chumba cha mbele alikoweka cherehani yake ya kukanyaga, wakamweleza shida zao za ndoa, za watoto na za miguu kuvimba, wakatoka wameridhika, na yeye muda wote huo alikuwa amesema neno moja tu: "Jumamosi."

Zilibaki wiki tatu kaka yake apewe ushemasi. Baada ya hapo ni upadri, na hakuna kurudi nyuma. Alba, ile kanzu nyeupe ya altareni, ilikuwa lazima ishonwe nyumbani kwao, kwa sababu mama alikuwa ameshatangaza hivyo kanisani, na mama akishatangaza jambo, limekwisha kuwa.

Mama yao ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya miito ya parokia. Watu walimwita Mama Miito. Kila Jumapili baada ya misa alipita nyumba kwa nyumba, kitenge kimekazwa kiunoni, akitafuta vijana wa kumpelekea Mungu. Akimwona mtoto anatumikia vizuri altareni, alikuwa amefika kwao kabla mtoto mwenyewe hajavua kanzu. "Huyu wenu ana mwito," alikuwa akisema mlangoni, hata kabla ya hodi. "Mnamficha wa nini?" Vijana wanne walikuwa seminarini kwa sababu ya miguu yake, na mmoja wao alikuwa mwanawe wa kumzaa. Alimpeleka akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwezi huohuo alimtoa Kimya darasa la tano, maana mtu anayeshinda njiani kwa kazi ya Mungu hawezi kukaa kwenye cherehani, na nyumba lazima iwe na wa kukaa. Kimya hakuulizwa, wala yeye hakuuliza.

Siku ya kujaribisha alba, mama alimwita jirani yao muuza mkaa aje aone. Kaka akaivaa katikati ya chumba. Mabega ya nguo yakaanguka karibu na viwiko.

"Frateri," jirani alisema, "huko seminari wanawalisha sala peke yake?"

"Anafunga," mama alijibu. "Mtu anayeikaribia altare asifunge?"

"Kufunga gani huko mpaka mabega yanaikimbia nguo? Shoga yangu, huyu ukimwanika kwenye kamba, upepo unamchukua."

Mama alicheka, kisha akamgeukia binti yake. "Kimya, umekata vibaya. Leo mikono yako umeisahau wapi?"

Kaka alimtazama Kimya mara moja, haraka.

"Nimekosea, mama," Kimya alisema. "Nitapunguza."

Kesho yake asubuhi, mama akiwa ameshatoka, Kimya aliingia kufagia chumba cha kaka yake. Chini ya meza alikuta karatasi zimefinyangwa. Alizinyoosha moja moja juu ya kitanda. Kusoma kwake kulikuwa kwa polepole, kidole kikitangulia, lakini maneno hayakuwa mengi na yalikuwa yaleyale katika karatasi zote saba. *Mimi niliyeandika hapa natamka mbele ya Mungu kwamba naomba daraja hili la ushemasi kwa.* Zote ziliishia hapo. Kwenye mbili kalamu ilikuwa imetoboa karatasi.

Kaka alimkuta bado amezishika. Hakukasirika. Alikaa kitandani kama mtu aliyeshusha mzigo mahali pasipo pake.

"Inatakiwa niiandike kwa mkono wangu," alisema. "Haichapwi, wala huwezi kuandikiwa na mtu. Kwa hiari yangu mwenyewe. Nikifika hapo, mkono unagoma."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Labda na zamani, sikutaka kujua." Akajifuta uso kwa kiganja. "Si kwamba Mungu simwamini. Namwamini. Naona wenzangu wanavyoisubiri siku hiyo, mtu hata usingizi hapati kwa furaha. Mimi sipati chakula. Chakula kinakataa kushuka."

"Basi usiende."

"Halafu niwe Nusu Padri?"

Nusu Padri alikuwa mtoto wa mtaa wa pili, naye alipelekwa na mama. Aliacha seminari mwaka wa mwisho, akarudi, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Jina hilo alipewa wiki ileile. Watu walimletea baiskeli na kumwomba aibariki kwanza. Wazee waliacha kuitikia salamu yake. Mama yao, kila akikaribia kibanda kile, alivuka barabara. Kijana akaanza kunywa, na pombe haikumchukua muda mrefu kummaliza.

"Unakumbuka mama alichosema makaburini?" kaka aliuliza.

Alikumbuka. Mama wa marehemu alikuwa bado ameshika udongo mkononi. Mama yao akasema, kwa sauti ya kusikika safu tatu: "Mungu alimwita akajifanya kiziwi. Haya, mmeona wenyewe."

"Nikitoka, maneno yale atakuwa amejisemea mwenyewe," kaka alisema. "Atapita vipi tena kwenye nyumba za watu? Kazi yake yote ni mimi. Akibisha hodi, ni mimi anayewaonyesha."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaandika. Nitaimaliza leo." Akazichukua karatasi mikononi mwa Kimya. "Alhamisi paroko atakuita. Huwa anauliza ndugu, mmoja mmoja. Sema ndiyo. Niahidi."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Mchana huo karatasi ya nane ilikuwa mezani imekamilika, mpaka kwenye sahihi. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kuuona kwake, herufi zimesimama sawasawa, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Alhamisi walikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya paroko, mama na binti. "Maswali matatu tu," mama alimwambia, akimrekebisha ushungi. "Ni ndiyo, hapana, ndiyo. Hata mdomo huna haja ya kuuchosha." Mama ndiye aliyetangulia. Hakukawia. Alitoka anatabasamu, akaketi, akaweka mkoba magotini. "Nenda."

Mlango wa ofisi ulikuwa umevimba kwa mvua, haukufunga mpaka mwisho. Paroko, mzee wa miwani minene, aliusukuma mara mbili, akauacha.

"Kaa, binti yangu. Usishangae kuitwa peke yako. Zamani nilikuwa nawauliza mama na watoto pamoja, nikawa napata jibu la mama mara mbili." Hakucheka, ingawa maneno yalikuwa ya kuchekesha. "Lilinigharimu kijana mmoja. Sirudii."

Swali la kwanza: kaka yake anasali akiwa nyumbani, hata asipoonwa? "Ndiyo, Baba." La pili: kuna binti aliyemwahidi ndoa, au mtoto aliyefichwa mahali? "Hapana, Baba." Alikuwa anaandika kila jibu, polepole, kwa kalamu ya wino.

"Wewe umekua naye," paroko alisema. "Anakwenda kwa moyo wake?"

Kimya alifungua mdomo. Ndiyo ilikuwa pale pale kwenye ulimi, imeshaandaliwa, ilibaki kuachiwa tu. Aliona karatasi zile saba. Akaona kwamba akiisema, kaka yake ataondoka na ile nguo aliyoipunguza, na kila atakayemwona mbele ya altare atapiga makofi, na yeye ataendelea kumpunguzia nguo mwaka hadi mwaka.

Paroko hakumsaidia. Alivua miwani. "Chukua muda wako. Miaka thelathini naomba kila siku vijana waitwe. Nawahitaji, vituo vingine havina misa kwa miezi. Lakini anayeburutwa simhitaji. Huyo namzika nikiwa namtazama."

"Hapana," Kimya alisema.

"Hapana nini, binti yangu?"

"Haendi kwa moyo wake."

Nje benchi lilikwaruza sakafu. Mlango ukasukumwa, mama akasimama kizingitini, mkoba umemwangukia hapo nyuma na hakuuokota.

"Baba, huyu hajui anachosema. La tano lenyewe hakumaliza. Atajua nini kuhusu mwito?"

"Mama, subiri nje," paroko alisema.

"Kaandika mwenyewe. Kwa mkono wake. Karatasi unayo hapo."

Paroko aliitazama karatasi ile, ile yenye herufi nzuri. Akaigeuza kifudifudi juu ya meza na kuifunika kalamu yake. "Nitamwandikia askofu, ushemasi hautakuwepo," alisema. "Nitaongea naye kwanza, na nitaongea naye peke yake."

Uso wa mama ulizeeka pale pale. Hakupiga kelele. Alimsogelea binti yake mpaka pumzi yake ikasikika. "Mwambie Baba umekosea. Sema. Umezoea kukosea, mwanangu, sema tu umekosea. Unataka waniite nani sasa? Unataka nipite wapi?"

Kimya alishika ukingo wa meza. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hakukumbuka siku aliyowahi kumjibu mama yake kwa zaidi ya maneno matatu. Hakuinua macho. Aliisemea mikono ya mama, ambayo ilikuwa imekaza kitenge.

"Sikukosea, mama. Hataki. Tangu mwaka juzi hataki, na chakula hakimshuki, na mimi niliona nikanyamaza. Alimaliza kuandika kwa sababu anakuogopa wewe. Mimi nilitaka kubaki shuleni. Nilikuwa wa pili darasani. Sikusema, kwa sababu na mimi nakuogopa."