Chuchu ya Tano ya Petunia

Mashine ile ya kukamua niliiandikia programu mimi, na sioni haya kusema niliiandika vizuri. Mwenye makosa ni ng'ombe.

Ijumaa ile ilikuwa siku ya mwisho ya miezi yangu mitatu ya majaribio kazini. Tulikuwa Smithton, bandani kwa mzee Nev Kelleher, mfugaji mwenye ng'ombe mia tatu na maneno machache. Bosi wangu, Beverley, alikuwa ameshaniambia garini: "Darragh, leo Nev akiikubali mashine, umeajiriwa. Akiikataa, unarudi kwa mama yako Burnie." Nilikuwa naitaka kazi ile mno, ila sikutaka ajue.

Sasa nieleze balaa lilipoanzia. Kompyuta ya mashine ile ni ndogo kama biskuti. Humo unapata maktaba ya msingi tu ya Rust, lugha niliyoandikia programu, yaani vipande vichache vilivyoandikwa tayari, na maktaba ile haibembelezi mtu. Inakutaka uandike mwenyewe kipande cha mwisho: programu ikikutana na kosa lisilo na dawa, ikataharuki, ifanye nini. Sharti ni moja, kwamba kipande hicho kikishaanza hakirudi kilikotoka. Kinazunguka palepale mpaka mtu aje aizime.

Wengi wetu huacha mzunguko mtupu. Mimi niliweka kwanza amri ya kufungua vikombe vinavyobana chuchu na kurudisha mkono wa mashine nyuma, ng'ombe asiumie. Halafu, kwa kuwa mashine ina spika, na kwa kuwa wiki ile Beverley alikuwa amenikalia kooni, nikatia sauti yangu mwenyewe ndani ya mzunguko. Nani angeisikia? Watu wa kazi yetu huficha utani mahali wanapoapa hapatafikiwa kamwe, asikudanganye mtu.

Tena Beverley aliniuliza. "Orodha yako ya chuchu ina nafasi nne. Zikizidi je?"

"Bev, ng'ombe ana chuchu nne. Wewe umekulia wapi?" Nilicheka sana siku hiyo, peke yangu.

Basi, bandani akaingia Petunia, ng'ombe mpole kabisa. Kamera ikamtazama chini, ikahesabu, ikatafuta nafasi ya tano kwenye orodha yenye nne, programu ikataharuki. Mkono ukarudi nyuma, na sauti yangu ikajaa banda zima: "Bev ni mbishi kama punda. Nilimwambia asiniharakishe."

"Nani huyo?" akauliza Nev.

"Spika inakwaruza tu," nikasema.

"Bev ni mbishi kama punda," ikarudia spika, safi kama taarifa ya habari.

Nikabonyeza kitufe cha kuiwasha upya. Ikaamka, ikamhesabu Petunia tena, ikapata tano tena, ikamtukana Beverley tena. Nikabonyeza mara sita. Jasho lilinitoka mpaka kwenye mabuti, na Beverley alikuwa ananitazama bila kupepesa.

Nev akafungua geti kwa mkono, akamtoa ng'ombe wake taratibu.

"Ana tano huyu," akasema. "Mama yake pia alikuwa nazo. Ungeniuliza, kijana."

Nikaanza kukusanya nyaya zangu. Burnie ilikuwa inaniita.

"Ile yangu ya zamani ilikuwa inakisia," Nev akaendelea. "Mwaka juzi ilimbana mmoja pasipostahili, akapiga teke ukuta ukaanguka. Hii ikishindwa inamwachia ng'ombe na kupiga kelele. Naitaka. Na sauti ibaki, nitaisikia hata nikiwa malishoni."

Tukamgeukia Beverley sote.

"Sauti itabaki, Nev," akasema. "Tutabadilisha maneno."

Kwenye gari akanipa mkataba na kinasa sauti kwa mkono mmoja. Maneno aliyatunga mwenyewe, mimi nikayasoma huku nimeuma meno kwa hasira. Orodha sasa ina nafasi nane, lakini mashine hazikosi sababu za kutaharuki, na leo ziko kwenye mabanda arobaini. Kila moja ikikwama inasema: "Mimi ni Darragh Pybus. Bev aliniuliza, zikizidi nne je? Mimi nikamcheka."

Jirani yake mama kule Burnie amenunua moja. Kila Jumapili mama hunipigia simu, kabla hata ya salamu, kuniuliza nilimchekea nini yule mama wa watu.